Nani Alisema Ndiyo?

Ipo siku moja ambayo nikifumba macho naiona yote, mwanangu. Ni siku ambayo wageni kutoka kijiji cha Mbingu walikuja nyumbani kwetu Idete kuniposa. Wakala, wakanywa, wakapewa jibu la ndiyo, wakaondoka wamefurahi. Na katika nyumba yetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeitaka posa ile. Baba hakuitaka. Mama hakuitaka. Mimi niliyekuwa naposwa ndiyo kabisa sikuitaka. Lakini ilikubaliwa.

Nikikusimulia ilivyokubaliwa utacheka, na ucheke tu. Ila usicheke mpaka ukasahau, kwa sababu mambo hayo hayo nayaona hapa Lumemo kila kukicha, kwenye nyumba zenu za bati na simu zenu za kugusa. Mtu anaulizwa, "Mbona umenuna?" anajibu, "Kawaida tu." Kawaida! Sura imevimba kama andazi, halafu kawaida. Mwingine anaulizwa kama atakuja kwenye mavuno, anasema, "Tutaona." Tutaona nini? Nani ataona? Mimi nimechoka. Nimezeeka, miguu inauma, na bado kila wiki naitwa kusuluhisha watu wazima ambao tatizo lao ni kwamba hakuna aliyefungua mdomo akasema alichokuwa nacho moyoni. Kwa hiyo leo sikuiti unisaidie kuanua mpunga. Kaa hapa unisikilize.

Baba yangu aliitwa Liborio. Alishuka bondeni kutoka upande wa Mahenge akiwa kijana, akafyeka pori pale Idete, akalima mpunga, akaoa, akatuzaa. Alikuwa mtu mzuri sana, na ninakuomba ulikumbuke hilo maana nitamsema. Mama naye alikuwa mtu mzuri. Nyumba yetu haikuwa na kelele. Jumapili tukitoka kigangoni, majirani walikuwa wakisema kwamba kwa Liborio kuna amani, hujasikia wakigombana hata siku moja. Ni kweli hawakugombana. Lakini pia hawakuulizana kitu. Walikuwa watu wawili wanaoishi kwa kukisiana.

Nikupe mfano mdogo tu. Mama alikuwa akimpikia baba kambale wa kukaushwa karibu kila Jumamosi, kwa sababu mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimpikia, na baba akala akamaliza sahani. Basi mama akajua mumewe anapenda kambale. Siku moja nikiwa nachota maji kisimani nikamsikia baba anamwambia rafiki yake kwamba katika samaki wote aliowaumba Mungu, asiyempenda ni kambale, lakini mke wake anampenda sana, kwa hiyo anavumilia. Nikarudi nyumbani nikamtazama mama. Mama hali kambale! Hata kumgusa anamgusa kwa vidole viwili. Miaka yote ile walikuwa wanateseka kwa samaki ambaye hakuna anayemtaka. Nikacheka peke yangu. Sikujua kwamba kinachofuata ni mimi.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nimekaa nyumbani nalima. Kilichokuwa kinanitoa usingizini asubuhi ni jambo moja: masista kule Ifakara walikuwa wanafundisha wasichana kushona, na nilikuwa nimepata nafasi. Baba mwenyewe ndiye aliyenipeleka kuonana nao. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi, na baba si mtu wa kupiga mluzi. Mama alikuwa ameshaanza kunikusanyia vitu vya kwenda navyo. Nilikuwa nasubiri tu msimu uishe.

Sasa, Mbingu kulikuwa na mzee mmoja, Adolfu, aliyekuwa na kijana anaitwa Kaspari. Familia inayoheshimika, wakulima kama sisi. Jumapili moja, tukirudi kutoka kwenye sherehe ya parokia, mama akasema, "Wale watu wa Mbingu wanalima. Umeona mashamba yao?" Alikuwa anasema habari za mashamba, mwanangu. Mashamba! Baba akasikia: mke wangu angependa tuwe ndugu na wale watu. Akakaa na hilo kichwani. Wiki chache baadaye Mzee Adolfu alipomdokeza kwamba wangependa kuja kutusalimia kwa habari ya binti, baba hakusema hapana. Alidhani akisema hapana atamvunja mama moyo. Akarudi nyumbani akasema, "Watu wa Mbingu watakuja Alhamisi." Mama akasikia: mume wangu ameshaamua, amechoka na habari za kushona. Akanyamaza, akaenda kutafuta kuku.

Unaona? Bado hakuna mtu aliyedanganya. Hakuna aliyefanya ubaya. Ni watu wawili wanaopendana, kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya jambo ambalo halipo.

Alhamisi wakaja. Mzee Adolfu, ndugu yake, na Kaspari mwenyewe amekaa pembeni amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama. Kijana mpole, mrefu, anayecheka kwa macho. Sikuwa na neno baya juu yake, na mpaka leo sina. Walipotaja shida yao, baba akaomba radhi akaja jikoni. Mimi nilikuwepo, nasonga ugali. Akasimama mlangoni, akamwambia mama, "Unaonaje?"

Mama hakuinua kichwa. Akapuliza moto, akasema, "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote yaliyoamua maisha yangu. Mama aliniambia baadaye kwamba alichotaka kusema ni: usithubutu, unaujua moyo wangu. Baba aliniambia baadaye kwamba alichosikia ni: nakubali, nenda ukawajibu. Alipotoka, mama akanigeukia, macho mekundu kwa moshi, au nilidhani ni moshi. Akasema, "Baba yako ameshapokea wageni." Nikajibu, "Sawa, mama."

Sawa! Neno hilo nalichukia mpaka kesho. Sawa yangu ilikuwa na maana kwamba nataka kulia lakini nasubiri utoke. Mama akasikia: mtoto mwenyewe ameridhika, kwa hiyo mimi ni nani wa kupinga. Baba akarudi sebuleni akapokea jembe na vitenge vya kunishika uchumba, na wageni wakapiga makofi.

Miezi ikaenda. Baba akawa haishi kwenda shambani. Anakwenda kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuwingia ndege, hata wakati ambao hapakuwa na mpunga wa kuliwa na ndege. Alitakiwa kwenda Ifakara kuwaambia masista wampe mtu mwingine nafasi yangu, na kila wiki akawa na sababu: mara baiskeli imepasuka tairi, mara mvua, mara mgongo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini baiskeli inapasuka tairi siku za kwenda Ifakara tu. Mama akaacha kuimba. Mimi nikawa nakunja vitenge vyangu na kuvikunjua. Na kila mmoja wetu akimtazama mwenzake kimya hivyo anasema moyoni, huyu anafikiria harusi.

Aliyetukomboa ni Shangazi Yustina, dada mkubwa wa baba. Alikuja kutoka Ulanga ili anifunde, kama ilivyo desturi kwa shangazi. Alivuka na kivuko, maana siku hizo daraja hili mnalopita na pikipiki halikuwepo, akafika na kapu lake na fimbo yake. Na Shangazi Yustina, mwanangu, alikuwa hasikii vizuri. Ukitaka akusikie ilikubidi upaze sauti, na useme maneno machache yaliyonyooka. Ukimung'unya, anakuwekea mkono sikioni na kusema, "Nini?" Ukirudia kwa kumung'unya, anarudia, "Nini?" Hakuna namna ya kumkwepa.

Asubuhi baada ya kufika kwake tulikuwa uani. Mama yuko mlangoni pa jiko anapeta mchele, mimi natwanga, baba anatengeneza mpini. Shangazi akamaliza uji wake, akafuta mdomo, akamuuliza baba, "Liborio, nilisikia mtoto anakwenda Ifakara kushona. Sasa naambiwa anaolewa. Imekuwaje?"

Baba akasema chini chini, "Ndivyo mambo yalivyokwenda, dada."

"Nini?"

"Ndivyo mambo yalivyokwenda!"

"Mambo yana miguu?" Shangazi akasema. "Nakuuliza, nani alisema ndiyo?"

Baba akatazama chini. Akasema kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Sisikii, Liborio!"

Hapo baba akapaza sauti, na nadhani hata jirani aliyekuwa anachunga mbuzi upande wa pili alisikia: "Mama yake ndiye anayetaka!"

Ungo ukamponyoka mama. Mchele ukamwagika, kuku wakaja, na hakuna aliyewafukuza. Mama akasimama. "Mimi? Mimi nilisema lini? Wewe ndiye uliyewaita hapa Alhamisi!"

"Niliwaita kwa sababu uliwasifu!"

"Nilisifu mashamba!"

"Nilikuja jikoni nikakuuliza!"

"Na mimi nikakwambia wewe ndiye mwenye nyumba!"

"Sasa hiyo si ndiyo?"

"Hiyo ni hapana!" mama akasema, na sauti ikampasuka. "Toka lini hiyo ikawa ndiyo? Miaka yote tumeishi hujui kwamba hiyo ni hapana?"

Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakipigiana kelele. Nilishika mchi nikasahau kuutua. Shangazi alikuwa anageuza kichwa huku na huku, na nadhani siku ile alisikia kila neno. Walipoishiwa pumzi akanigeukia mimi. "Na wewe, Genovefa? Unataka kwenda Mbingu?"

Nikasema kwa adabu, macho chini, kama nilivyofundishwa.

"Nini?"

Nikarudia.

"Mwanangu, sikusikii."

Nikavuta pumzi. Mbele ya baba yangu, ambaye sikuwahi kumpandishia sauti tangu nizaliwe, nikapiga kelele, "Sitaki! Nataka kwenda kushona!" Halafu nikaanza kulia, na mama akaanza kulia, na baba akaketi chini kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Akasema, "Lakini hata mimi nataka aende kushona." Alisema polepole, kwa mshangao, kama vile ndiyo kwanza anapata habari hiyo.

Shangazi hakumhurumia. Maneno aliyotupa asubuhi ile nimeyabeba mpaka leo. Alisema, "Mimi Mungu amenipunguzia masikio, na sina budi kuuliza mara mbili mbili. Ninyi mnayo mazima. Mnayafanyia kazi gani? Liborio, mke wako si mawingu kwamba umtazame usoni ukisie kama mvua itanyesha. Ana mdomo. Muulize, na asipokujibu vizuri muulize tena. Na wewe, wifi yangu, mume wako hakuoa akiwa na karama ya kusoma mioyo. Ukisema 'wewe ndiye mwenye nyumba', atasikia hilo hilo ulilosema. Mnaona aibu kusemeshana, lakini hamkuona aibu kumpa mtoto kwa watu."

Ungedhani yameisha hapo. Hata mimi nilidhani. Lakini upande wa pili kulikuwa na watu waliopewa neno, na hapo ndipo penye sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Baba, kwa mazoea yake, alitaka kutuma mtu Mbingu akawaambie kwamba binti anaumwa kidogo, harusi isogezwe mbele. Alifikiri ikisogezwa na kusogezwa, watachoka wenyewe. Shangazi akagonga fimbo chini. "Utakwenda mwenyewe. Na mimi nitakwenda. Na binti atakwenda. Kijana yule hajatukosea kitu, hatutamfanya asubiri uongo."

Tukapanda lori lililokuwa linaelekea Mlimba, tumeketi juu ya magunia. Mzee Adolfu hakuwepo tulipofika. Alikuwepo Kaspari. Alikuwa amejaa udongo mpaka kwenye nyusi, anakandika. Mwanangu, kijana yule alikuwa amejenga nyumba. Alikuwa amefyatua matofali mwenyewe, akayachoma, akainua kuta, na siku ile alikuwa anazikandika. Alipotuona akafurahi. Alidhani tumekuja kuitazama. Akapangusa mikono, akatuamkia shikamoo zake zote, akamshika baba mkono, akatuzungusha. "Hapa ni sebule. Hapa chumbani. Na hapa nimeacha dirisha kubwa, maana nilisikia Genovefa anapenda kushona, nikasema mwanga uingie."

Baba alifungua mdomo akaufunga. Nilimtazama Shangazi, na Shangazi akanitazama mimi, akanisubiri. Nikaelewa kwamba hili hakuna wa kunisemea. Nikamwambia. Nilisema kwamba sikuwahi kukubali, kwamba nyumbani tulielewana vibaya, kwamba yeye hana kosa lolote, na kwamba siwezi kuja kuolewa. Niliyasema yote, maneno yaliyonyooka.

Kaspari akakaa kwenye tofali. Halafu akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Mngeniambia siku ile ile, ningeumia, nikarudi nyumbani, nikapona. Mmeniacha nijenge."

Baba akaanza kuomba radhi. Kaspari akamwinulia mkono, akanitazama mimi. "Na kama ungeniambia kwamba unataka kwenda kujifunza kushona kwanza, mimi ningekungoja. Hukuniuliza."

Hakuwahi kuniuliza na yeye, kweli. Alisikia kwa watu kwamba napenda kushona, akaenda kujenga dirisha badala ya kuja kuzungumza na mimi. Lakini siku ile sikuwa na moyo wa kumwambia hivyo. Tukamrudishia jembe na vitenge, tukarudi barabarani kusubiri gari. Mzee Adolfu alipopata habari alikasirika, na alikuwa na haki. Kwa miaka mingi wakikutana parokiani alimjibu baba "Tumsifu Yesu Kristo" kwa kichwa tu, bila kufungua mdomo. Baba aliumia sana kwa hilo. Kaspari alioa mtu mwingine baadaye, nikasikia ana watoto. Mimi nikaenda Ifakara, nikajifunza kushona, nikakutana na Benedikti, huyu marehemu mzee wangu, tukajenga hapa Lumemo. Sijutii. Lakini kijana mwema alinyimwa heshima ya kuambiwa ukweli kwa wakati, na hakuna cherehani iliyowahi kushona hilo.

Lakini baba na mama walibadilika. Si sana, watu wazima hawabadiliki sana. Ila baba akaanza kuuliza, "Una maana gani?" na mama akawa anajibu kwa kunung'unika lakini anajibu. Na kambale hakupikwa tena nyumbani kwetu.

Sasa nikwambie kwa nini nimeyafukua haya. Binti yangu wa mwisho, Anjela, na mumewe Filberti, unawajua, nyumba yao ndiyo hiyo pale ng'ambo ya michongoma. Msimu huu Filberti alimwandikia mke wake kwenye simu kwamba kuna mtu anataka kulikodi shamba lao la chini, anaonaje. Anjela alikuwa sokoni, akamtumia kile kidole gumba. Kidole! Kwake kidole kilikuwa na maana nimeuona ujumbe wako, tutaongea nyumbani. Filberti akaona kidole, akaenda akalikodisha. Anjela ameshaandaa mbegu, ameshatafuta vibarua, anafika shambani anakuta trekta la mtu mwingine linageuza udongo.

Unadhani walikaa wakazungumza? Thubutu. Filberti akahamia kijiweni kwa waendesha bodaboda. Anjela akawa anamwandikia mumewe maneno ya mafumbo kule kwenye simu ambako watu wote wanasoma: wanaume wengine hivi, wanaume wengine vile. Mji mzima unajua amekasirika, isipokuwa hajamwambia mwenye kukasirikiwa. Watu wanalala chumba kimoja, na mmoja anapata habari za mwenzake kutoka kwa fundi wa baiskeli!

Niliwaita wote wawili hapa kibarazani. Nikawaambia waweke simu kwenye kikapu changu cha nyuzi. Filberti akasema, "Mama, mbona hakuna tatizo, mambo yako poa." Nikamwambia, "Poa ni nini? Niambie kwa Kiswahili." Akacheka. Sikucheka. Nikamwambia Anjela aseme kilichomuuma, na Filberti asimjibu mpaka amerudia kwa mdomo wake alichosikia. Mara ya kwanza Filberti akarudia akasema, "Anasema mimi mjinga." Anjela akasema hakusema hivyo, alisema alijisikia hana thamani mbele ya wale vibarua aliowaita. Filberti akamgeukia mke wake. Nilimwona anabadilika uso. Kisha akasema, "Hilo la vibarua sikulijua." Na yeye akasema la kwake: kwamba alikodisha kwa sababu alimwona mke wake amechoka tangu ajifungue, akataka kumpunguzia jembe, na akaona aibu kulisema. Anjela akaanza kulia. Shamba limeshakwenda kwa msimu huu, halirudi. Lakini walitoka hapa wanatembea pamoja, na simu wamezisahau mpaka nikawaita wazifuate.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupika wali, mwanangu. Mfupi kuliko kupika wali! Na walikuwa wamenuniana mwezi mzima. Sasa niambie kwa nini nisichoke.

Basi chukua haya yangu, na uyatumie kabla hujafikia umri wangu. Ukiwa na jambo na mtu, mwambie yeye, si jirani yake, si dada yake, si dunia nzima kwenye simu. Mwambie mapema, likiwa bado dogo. Useme kwa adabu, salamu kwanza, sauti ya chini kama ni mkubwa wako, lakini useme. Adabu haijawahi kuwa na maana ya kumeza maneno. Adabu ni namna ya kuyatoa. Kama jibu lako ni hapana, liwe hapana, hata kama linakutoka kwa shida. Na ukiulizwa kitu usichokijua bado, sema sijui, nipe siku mbili nifikiri. Hilo nalo ni jibu, na ni la heshima.

Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, funga mdomo usikilize mpaka mwisho. Siku hizi mtu anasikiliza huku ameshapanga jibu, anasubiri tu uvute pumzi aingie. Msikilize kama vile hujui atakachosema, kwa sababu kwa kweli hujui. Kuishi na mtu miaka mingi hakukupi ruhusa ya kuacha kumuuliza. Kama hukuelewa, uliza tena, hata mara tatu. Bora uonekane mzito kuliko kubeba maneno ambayo hakuyasema. Na yale mazito, ya ndoa, ya shamba, ya watoto, ya ugonjwa, usiyapeleke kwa kidole. Nenda ukae mbele ya mtu, umtazame, akutazame. Na ukikosea kuelewa, rudi haraka ukasema nimekosea kuelewa. Haiui.

Haya. Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mdomo usioogopa na masikio yasiyo na haraka. Akupe nyumba ambayo mtu akirudi jioni anaulizwa siku yake ilikuwaje, na jibu linangojewa. Akujalie watu watakaokwambia ukweli ungali na muda wa kugeuza mguu. Mama Maria akutunze wewe na uliye naye, na watoto wenu wakue wakijua sauti zenu, si ukimya wenu.

Sasa inuka. Yupo mtu umemnunia, nakuona usoni. Usimpigie simu. Nenda kwake kwa miguu.